Sauti Kabla ya Sura: Muziki wa Runinga na Safari Yake hadi Babati

Katika historia ya muziki wa Tanzania liko jambo ambalo aghalabu hupitwa kwa haraka, nalo ni kwamba kwa muda wa miaka 20 nchi moja iliishi katika nyakati mbili. Visiwani, tangu mwanzoni mwa 1974, mwimbaji alionekana, tena kwa rangi zake. Bara, hadi 1994, mwimbaji alisikika tu. Aliyekaa Kikwajuni aliweza kuijua kanzu ya mpiga udi na namna anavyoinamisha kichwa akiitafuta sauti. Aliyekaa Babati, mji mdogo ulio kando ya ziwa lenye viboko, chini ya Mlima Kwaraa, kwenye njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, aliijua sauti ya mwimbaji wake kuliko alivyoijua ya jirani, na huenda asingemtambua lau angepishana naye sokoni.

Tofauti hiyo si ya anasa na ufukara tu, kama inavyodhaniwa. Ilizaa namna mbili za kuupokea wimbo, na kwa wapenzi wa ushairi ni jambo la kutazamwa kwa makini, kwani wimbo unaosikika bila kuonekana humtegemea mtunzi kwa kila kitu.

Yafaa kwanza kukumbusha jinsi runinga ilivyoujengea muziki nyumba yake ya kila wiki huko ilikoanzia. Tarehe 1 Januari 1964, katika jengo lililokuwa kanisa mjini Manchester, BBC ilianza kurusha Top of the Pops, kipindi cha nyimbo zilizokuwa zikipendwa wiki ile. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo wa Januari, shirika la NBC la Marekani likaanzisha Hullabaloo, ambacho kila wiki kiliongozwa na msanii mwingine mwalikwa, huku kundi la vijana likicheza nyuma na mbele ya waimbaji. Kipindi hicho kilikufa 1966. Soul Train, kilichoanzia Chicago 1970, kiliwafanya vijana Weusi wanaocheza kuwa ndio moyo wenyewe wa kipindi, na kikadumu hadi 2006, mwaka ule ule ambao Top of the Pops ilisita kutoka kila wiki.

Wengi huwafikiria wachezaji wa vipindi hivi kuwa ni mapambo. Asili yao, hasa kwa Waingereza, ilikuwa haja. Kipindi kilifungwa na orodha ya wiki. Wimbo ukipanda, sharti uchezwe. Na kama mwimbaji yuko ng'ambo au ziarani, hapana njia ya kumfikisha studioni. Ndipo santuri ilipopigwa na kundi la wasichana likaicheza. Go-Jos walitangulia, kisha Pan's People kuanzia 1968 hadi 1976. Kwa maneno mengine, mchezaji aliwekwa pale kuziba pengo la mwimbaji asiyekuwepo. Msomaji na alikumbuke hilo, maana litarejea katika sura nyingine huku kwetu.

Februari 1974 alisimama mbele ya kamera za kipindi hicho, kwa mara ya kwanza, kijana aliyezaliwa Mji Mkongwe 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Ulimwengu umemjua kwa jina la Freddie Mercury. Ni sadfa ya kupendeza kwamba majuma yale yale runinga ya kwao ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwaka. Na mwishoni mwa 1975 kundi lake, Queen, ndilo lililotengeneza filamu fupi ya wimbo wao mrefu ili ipelekwe studioni badala yao. Filamu za namna hiyo zilipozagaa, pengo lililokuwa likizibwa na wachezaji likatoweka, na kufikia 1983 Top of the Pops ikaachana na makundi yake ya uchezaji. Mwimbaji sasa alikuwapo daima, hata asipokuwapo.

Turudi nyumbani. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda tangu 1963, na Zaire ya Mobutu tangu 1966. Lakini Zanzibar, chini ya Rais Aboud Jumbe, iliruka hatua ya rangi nyeusi na nyeupe na kuingia moja kwa moja kwenye rangi, ikahesabiwa kuwa ya kwanza kusini mwa Sahara. Afrika Kusini, kwa utajiri wake wote, haikuwa na televisheni ya namna yoyote hadi 1976. Televisheni Zanzibar iliijua kazi yake kwa namna ya kisiasa, ya kuelimisha na kuhamasisha. Hata hivyo, muziki haukukaa nje mlangoni. Taarab ya Ikhwan Safaa, chama kilichoanzishwa 1905, na ya Culture, kilichozaliwa 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, iliingia majumbani na barazani.

Kioo kilipoitazama taarab, kilikuta tamasha ambalo halikuhitaji mnenguaji. Waimbaji na wapigaji wameketi. Anayetembea ni msikilizaji: huinuka kwa mwendo wa kupimwa, noti mkononi, akamtunza mwimbaji, na katika kutunza kwake akautia ule ubeti maana ambayo mtunzi huenda hakuikusudia. Nani kainuka, kwa ubeti upi, kamwangalia nani: hayo ndiyo yaliyozungumzwa kesho yake, na hayo hayasikiki redioni. Kwa hiyo mtu wa Visiwani alijifunza mapema kuusoma wimbo kwa macho bila ya wimbo kupungukiwa na maneno. Ni bahati ambayo haikuthaminiwa ipasavyo, pengine kwa kuwa ilionekana ni jambo la kawaida.

Bara mambo yalikuwa mengine. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa ni chombo cha wachache wa mjini katika nchi ya wakulima, na hoja hiyo haikuwa dhaifu. Vyombo vyenyewe vilidhibitiwa visiingizwe ovyo. Lakini palikuwa pia na shaka juu ya mwili unaocheza. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, dhidi ya vimini, suruali za kubana, mawigi na dawa za kung'arisha ngozi. Novemba ya mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Katika Mkoa wa Arusha, ambao Babati ilikuwa sehemu yake wakati huo, Wamasai walikuwa wameshaandamwa ili wavae suruali. Ajabu ni kwamba kijana wa Dar es Salaam alikatazwa kubana suruali, na kijana wa Kimasai akalazimishwa kuivaa, katika muda wa miaka miwili au mitatu tu. Dola iliyokuwa na wasiwasi wa kiasi hicho juu ya jinsi watu wanavyoonekana isingekuwa na haraka ya kuwapa watu kioo.

Basi bara ikabaki na redio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa studio, kampuni ya santuri, mhakiki na jukwaa kwa pamoja. Bendi iliingia studioni, mashairi yake yakapitiwa na wakubwa kabla ya kurekodiwa, kisha wimbo ukarushwa nchi nzima katika vipindi kama Misakato na Klabu Raha Leo. Malipo yalikuwa haba, nao uenezi ulikuwa mpana kupita kiasi: wimbo mmoja ulimfikia mvuvi wa Kilwa na mkulima wa mbaazi wa Babati usiku huo huo.

Nini kilimfikia yule wa Babati? Alifikiwa na kisa. Wimbo wa dansi wa miaka ile, wa dakika sita, saba au zaidi, ulikuwa na mpangilio ambao mtu anayejua tenzi atautambua: beti za mwanzo za polepole zenye kueleza mkasa, mawaidha au malalamiko, kiitikio, kisha chemko, pale magitaa yanapokimbizana na maneno yanapungua. Kwa kuwa hapakuwa na uso wa kumsaidia mwimbaji, maneno yalibeba uso pia. Msikilizaji aliambiwa nani anasema, na nani, wapi, baada ya tukio gani. Ukizisikiliza nyimbo zile leo unastaajabu jinsi zilivyojaa majina ya watu na miji, barua, safari za treni na salamu kwa wazazi. Ule haukuwa mtindo wa utunzi tu. Ulikuwa ni mbinu ya watu waliojua kwamba hawataonekana.

Alifikiwa vilevile na majina ya michezo asiyoiona. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake: Msondo wa NUTA Jazz, baadaye JUWATA, Sikinde wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa 1978, jina lililochukuliwa kutoka ngoma ya Wazaramo, Ndekule wa Orchestra Safari Sound. Mtangazaji akitamka kwamba sasa ni Sikinde, Mzaramo alijua la kufanya. Lakini huko nyanda za juu, ambako ngoma hiyo haikuwahi kupigwa, jina lilifika peke yake, na miguu ikalazimika kubuni. Hapana shaka kwamba kulikuwa na Sikinde nyingi nchini kama zilivyo kumbi, na kila moja ilijiona ndiyo ya haki.

Babati si mahali pa kudhaniwa kuwa patupu, panaposubiri kujazwa na sauti za pwani. Mji huo ni njia panda ya lugha. Pana Wagorowa, waliokuwa wakiitwa Wafiome, na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi. Pana Wambugwe na Warangi, Wabantu. Pana Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya Kinailo. Na kwa Mbulu, si mbali, wapo Wahadza ambao lugha yao haina jamaa anayejulikana. Wairaqw wana fani iitwayo slufay: mzee mmoja hutamka mistari ya dua na sifa, na hadhira huitikia kila mstari kwa pamoja. Mwenye kuzijua kasida zetu hatashindwa kuona kwamba hapo pana mwalimu wa sauti kama sisi tulivyo na wetu, na kwamba watu waliolelewa na slufay hawakuhitaji kufundishwa kuusikiliza ubeti. Vijana wa Kibarabaig nao wana michezo yao ya kuruka, mirefu na ya heshima. Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya soko, stendi na redio, kilichowakutanisha wote hao.

Ama wachezaji na wageni waalikwa, bara ilikuwa nao, ila si katika kioo. Tangu miaka ya 1980 vikundi vya sanaa za maonyesho, mfano Muungano na, baada ya 1992, Tanzania One Theatre, vilijaza jioni moja kwa kila kitu: ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, kisha taarab au dansi hadi usiku wa manane. Mtangazaji wa jukwaani aliunganisha vipande kwa maneno na mizaha. Mtu aliyewahi kuona Hullabaloo angesema ni kitu kile kile bila kamera, na tena chenye wigo mpana zaidi, kwani Wamarekani hawakutia nyoka wala sarakasi. Vikundi na bendi vilisafiri mikoani. Kwa miji iliyo juu ya barabara kuu, ujio wa bendi ndio uliokuwa siku ya kuoanisha sauti na sura: kumbe mwimbaji mwenye sauti nzito ni mwembamba hivi! Lakini siku hiyo ilipita, na haikurekodiwa.

Hapo ndipo hasara ilipo. Mbaraka Mwinshehe alikwenda Japani 1970, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, akiwakilisha nchi ambayo haikuwa na kamera ya runinga ya kumpokea aliporudi. Akafa kwa ajali ya gari Kenya, Januari 1979. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikuwa amekufa 1965. Marijani Rajab, ambaye utunzi wake unastahili kuwekwa pamoja na wa washairi, alifariki Machi 1995, chini ya mwaka mmoja tangu ITV ianze kurusha matangazo. Waimbaji hawa watatu walijulikana na mamilioni, na picha zao za kutembea ni haba mno, ilhali mwimbaji wa Visiwani wa hadhi ya chini yao aliweza kuwekwa kwenye kanda ya rangi. Waliokataa televisheni walikuwa na sababu njema za uchumi. Hesabu yao haikuiweka kumbukumbu kwenye upande wa gharama.

Mlango ulifunguka kwa vipande. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, vyombo vya video viliingia, na mabanda ya video yakaota katika miji midogo: viti vya mbao, jenereta nje, filamu za Kihindi na za Hong Kong, na kati ya filamu mbili, muziki wa Kizaire wenye wanenguaji. Kwa wengi wa bara huo ndio uliokuwa muziki wa kwanza kuonekana kiooni, na haukuwa wa kwao. Sheria ya Utangazaji ya 1993 iliruhusu watu binafsi; mwaka uliofuata CTN, ITV na DTV vikaanza Dar es Salaam, na serikali nayo ikafuata na Televisheni ya Taifa ilipofika 2000. Mwanzoni mawimbi yaliishia Dar es Salaam na viunga vyake. Miji kama Babati, ambayo 2002 iligeuka makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara, iliyapata kwa ungo wa setilaiti uliofungwa juu ya baa au nyumba ya mwenye uwezo. Na kwa abiria, yalikuwamo mabasi: kioo kidogo juu ya dereva, kikionyesha nyimbo za Bongo Fleva tangu stendi hadi stendi, abiria wapende wasipende.

Muziki uliowasili kwa njia hiyo ulikuwa umekwishajipanga kwa ajili ya jicho. EATV, kituo cha vijana kilichoanza mapema katika miaka ya 2000, kiliujaza usiku wa Ijumaa kwa wasanii waalikwa katika Friday Night Live. Muongo uliofuata kiliwapa wachezaji shindano lao wenyewe, Dance 100%, ambamo mwimbaji hakuhitajika kabisa, ila santuri yake tu. Pan's People wangelielewa hilo. Bongo Star Search iliwazungusha majaji katika miji mikubwa ya mikoani kusaka sauti, lakini walichouza kwa mtazamaji ni nyuso: ya kijana anayetetemeka na ya jaji anayekunja kipaji. Bendi za dansi zilizosalia, African Stars maarufu kwa jina la Twanga Pepeta ikiwa mbele, ziliwaweka wanenguaji mstari wa kwanza na waimbaji nyuma yao. Taarab ya rusha roho nayo ikainuka vitini.

Wapo wanaolalamika kwamba jicho limeua ushairi. Lalamiko hilo lina ukweli nusu. Wimbo umefupika, kisa kimepungua, na kile kilichokuwa kikielezwa kwa ubeti mzima sasa kinaonyeshwa kwa sekunde mbili: gari, nyumba, machozi. Lakini Bongo Fleva ya mwanzo, ya akina Mr. II na Profesa Jay, ilikuwa na maneno mengi kuliko dansi yenyewe, na ilipita katika kioo hicho hicho. Kilichobadilika zaidi ni nani anayestahili kuingia katika picha. Kundi la X Plastaz la Arusha, lililoanza 1996, lilimtia ndani ya rap mwimbaji wa Kimasai aliyevaa nguo zake, na video zake zikafika mbali, hadi Ulaya. Shuka ambayo dola iliiona aibu katika miaka ya 1960 ikageuka alama ya mauzo. Ila Mmasai alishakuwa picha duniani kabla hajashika kipaza sauti. Mgorowa, Mmbugwe na Mrangi hawana picha inayojulikana huko nje, wala mavazi ambayo kamera ya Dar es Salaam ingeyatambua mara moja. Na kwa hiyo mtazamaji wa Babati, alipopata hatimaye kuwaona wachezaji kila wiki, aliona kila mchezo isipokuwa wa jirani yake.

Mambo yameendelea kugeuka. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa mwishoni mwa 2012, kwanza Dar es Salaam kisha miji mikubwa michache, Babati ikisubiri zamu; ving'amuzi vikaenea; TVZ ikaunganishwa na redio ya Zanzibar kuunda ZBC 2013. Lami ya kutoka Dodoma ilizinduliwa 2018, na basi lililokuwa likipigwa na mashimo sasa huteleza, kioo chake kikiwa kimetulia. Hata hivyo, abiria wengi hukiangalia kile kilicho kiganjani mwao.

Isidhaniwe kwamba penye kamera hapakupotea kitu. Vipindi vingi vya Top of the Pops vya miaka ya 1960 havipo tena: BBC ilizifuta kanda ili izitumie upya, kwa kuwa kanda ilikuwa ghali na wimbo wa wiki iliyopita ulikuwa rahisi. Redio Tanzania, maskini zaidi, ilizitunza kanda zake za sauti kwa wingi unaoshangaza, na kutoka humo nyimbo zimetiririka kwenye kaseti, kisha kwenye intaneti. Kijana wa Babati mwenye simu anaweza leo kumtafuta Marijani na kumpata kwa sekunde chache. Wimbo utaanza, beti zote zitakuwamo, na chemko pia. Kwenye kioo atakuta picha moja ya mnato, aghalabu ile ile, imesimama dakika zote saba.